Chakula cha kuku wa mayai, na pumba zilizonipunguzia trei

Nafuga kuku 22 wa mayai nyuma ya nyumba yangu iliyoko Kihonda, Morogoro, katika banda ambalo zamani lilikuwa stoo ya kuni. Si mradi mkubwa. Mayai tunayokula nyumbani hayazidi trei moja kwa wiki, na yanayobaki huchukuliwa na majirani watatu pamoja na mama mmoja mwenye kibanda cha chipsi mwisho wa mtaa wetu. Kwa kuwa banda linaonekana kutoka barabarani, haipiti wiki bila mtu kuniuliza swali lilelile: "Mwalimu, hawa kuku unawapa nini?" Nikijibu kwamba nawapa chakula cha kutagia kama kilivyotoka kwenye gunia, bila kukichanganya na kitu kingine, muulizaji hunitazama kama mtu anayeficha siri ya biashara.

Simlaumu, maana hata mimi sikuanza na imani hiyo. Bei ya gunia la kilo 50 ilipopanda mara mbili mfululizo, nilifanya wanachofanya wafugaji wengi wa nyuma ya nyumba: nilikwenda kwenye mashine ya kusaga, nikanunua kilo 25 za pumba za mahindi, nikazimwaga juu ya turubai pamoja na gunia zima la chakula cha kutagia, nikakoroga kwa koleo hadi rangi ikawa moja. Kilo 50 zikawa kilo 75, nami nikajiona mjanja. Kuku walikula bila kususa, na kwa siku kumi za kwanza hawakupunguza hata yai moja, jambo lililonipa ujasiri wa kumshauri jirani afanye vivyo hivyo. Ushauri huo baadaye nililazimika kwenda kuufuta kwa aibu.

Mambo yalianza kuharibika katika wiki ya tatu. Kwanza niliokota kwenye kiota yai lisilo na ganda, limefunikwa kwa utando tu, laini kama puto lililojazwa maji. Kesho yake nilikuta mengine mawili yenye nyufa. Mayai yaliyokuwa wastani wa 18 kwa siku yakashuka hadi 14, na kati ya hayo 14, mawili hayakufaa kuuzwa. Mama wa chipsi, ambaye ni mtu mpole, alirudisha trei nzima akisema kwa heshima zote kwamba mayai yangu yanapasukia mkononi kabla hayajafika kwenye karai.

Nina daftari ninaloandika idadi ya mayai kila jioni, na ndilo lililonifungua macho. Kabla ya pumba, kila kuku alikuwa akila takriban gramu 115 kwa siku, kiwango ambacho ni cha kawaida kwa kuku wa kisasa wa mayai mwenye uzito wa karibu kilo mbili. Kuku 22 walimaliza kilo mbili na nusu kwa siku, kwa hiyo gunia lilidumu siku 20, na kwa mayai 18 kwa siku gunia hilo lilinipa mayai 360, yaani trei 12 kamili. Baada ya kuongeza pumba, kila kuku alikula kama gramu 120, na mchanganyiko wa kilo 75 ulidumu siku 28. Mayai ya kuuzika yakiwa 12 kwa siku, jumla ilikuwa 336, ambayo ni trei 11 na mayai sita. Nilitumia gunia lilelile, nikalipia na pumba juu yake, nikahudumia banda siku nane zaidi, nikapata mayai pungufu ya yale ambayo gunia peke yake lingenipa katika siku 20. Tangu nilipofanya hesabu hiyo, bei ya gunia hainiambii kitu mpaka niigawe kwa idadi ya trei.

Kilichotokea hakihitaji mtaalamu kukieleza. Chakula cha kutagia hutengenezwa kikiwa na protini kati ya asilimia 16 na 18, kalsiamu kati ya asilimia 3.5 na 4.5, na nishati ya karibu kilokalori 2,700 katika kila kilo, na mtengenezaji amepiga hesabu hiyo akichukulia kwamba kuku hatakula kitu kingine. Gunia langu lilikuwa na protini asilimia 16.5 na kalsiamu asilimia 3.8. Pumba za mahindi zina protini ya asilimia kama 10, lakini kalsiamu yake ni ndogo kiasi cha kutohesabika. Ukichanganya sehemu mbili za chakula cha gunia kwa moja ya pumba kama nilivyofanya mimi, protini inashuka hadi asilimia 14.3 na kalsiamu hadi asilimia 2.5. Kwa lugha ya gramu, kuku aliyekuwa akipata gramu 19 za protini kwa siku sasa anapata 17, jambo ambalo lina madhara lakini si msiba, ilhali kalsiamu yake imeporomoka kutoka gramu 4.4 hadi gramu 3. Hapo ndipo ganda lilipopotelea. Vitamini na madini mengine ya kwenye premiksi, yaani ule unga wa vitamini na madini unaotiwa kidogo katika chakula, nayo yalipungua kwa theluthi, na nyuzinyuzi za pumba zilikijaza kibofu cha chakula shingoni kabla kuku hajapata alichokihitaji.

Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo katika mawe ya chokaa na makombe ya baharini. Ganda moja hubeba gramu mbili hivi za kalsiamu, na kwa kuwa mwili wa kuku hufaidi karibu nusu tu ya kalsiamu anayoimeza, inampasa ale gramu nne kila siku anayotaga. Yai huchukua saa 24 hadi 26 kukamilika, na kati ya hizo, kama saa 20 hutumika kujenga ganda. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku yuko juu ya ufito wake wa kulalia, amelala, na mbele yake hakuna chakula. Swali la msingi kuhusu chakula cha kuku wa mayai, kwa maoni yangu, ni hili: saa nane za usiku, kalsiamu itatoka wapi?

Inaweza kutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni firigisi. Chokaa iliyosagwa ikawa vumbi hupita tumboni haraka na kuisha kabla ya usiku wa manane, lakini chokaa ya punje au makombe yaliyopondwa, yenye ukubwa wa milimita mbili hadi nne, hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole hadi alfajiri. Sehemu ya pili ni mifupa yake mwenyewe. Wiki mbili hivi kabla ya kutaga yai la kwanza, kuku hujenga ndani ya mifupa ya miguu akiba ya mfupa laini ambayo kazi yake ni kukopesha kalsiamu nyakati za usiku, kisha hulipwa mchana kwa chakula. Siku kumi ambazo kuku wangu hawakupunguza yai zilikuwa siku za mkopo huo. Mimi nilidhani pumba zimekubali, kumbe kuku walikuwa wakitaga mifupa yao. Mfugaji anayeendelea hivyo kwa miezi huishia kuwa na kuku wanaochechemea, au humkuta mmoja asubuhi amelala ubavu, hawezi kusimama, na watu wakasema ni ugonjwa.

Kwa sababu hiyo, ninapochagua chakula, kwanza nazamisha mkono ndani ya gunia na kukisugua kwenye kiganja. Nikihisi punje za chokaa nafurahi. Nikikuta vumbi tupu, nakinunua tu ikiwa nina makombe nyumbani, nami huyaweka katika kopo lake pembeni ili kila kuku ajichotee, kwa kuwa kuku anayetaga ana hamu ya kalsiamu na huifuata mwenyewe nyakati za jioni, wakati asiyetaga hupita bila kuigusa. Wasomaji wa Tanga, Bagamoyo na Mombasa wana makombe ya bure ufukoni, wayaoshe tu chumvi na kuyaponda. Sisi wa bara tunaweza kutumia maganda ya mayai yetu wenyewe, yaliyokaushwa vizuri juani au juu ya jiko na kupondwapondwa yasitambulike kuwa ni mayai, kwani kuku akishajua utamu wa yai hakuna atakayemwachisha. Neno moja la tahadhari: chokaa ya mifugo ni jiwe lililosagwa, na chokaa ya kujengea au kupaka kuta ni jiwe lililochomwa. Hii ya pili huunguza. Kama muuzaji hawezi kukwambia ni ipi, usinunue.

Baada ya kalsiamu, linalofuata ni umri, na hapa lugha yetu inatusaidia kuliko vibandiko vya magunia. Wazee hawakusema "kuku" tu. Walitofautisha kifaranga, pora, tembe ambaye hajaanza kutaga, mtetea anayekaribia kutaga, na koo aliyekwisha kuangua, na kila mmoja wao ana mahitaji yake. Kifaranga hupewa chakula cha kuanzia chenye protini ya asilimia 18 hadi 20 kwa wiki nane hivi, kisha chakula cha kukuzia chenye asilimia 15 au 16 hadi anapokaribia kutaga, na vyote viwili vina kalsiamu ya asilimia moja tu. Makosa niliyoyaona zaidi mtaani ni kuwapa matembe wa wiki 12 chakula cha kutagia "ili wawahi kutaga". Hawawahi. Kalsiamu mara nne ya wanayoihitaji hulazimika kutolewa na figo, na figo za kuku mchanga huharibika zikiwa kimya, mpaka siku atakapoanza kutaga na kufa ghafla. Badilisha chakula unapoona upanga wa kichwani umekuwa mwekundu na kukua, na kuku anachuchumaa ukimgusa mgongoni, mara nyingi kati ya wiki ya 17 na ya 20, na ubadilishe polepole, robo kwa robo, kwa muda wa wiki moja.

Wengi wetu lakini hatuna mabanda manne. Tuna ua mmoja wenye mitetea, majogoo mawili na vifaranga wanaomfuata mama yao, na chombo kimoja cha chakula. Katika hali hiyo afadhali kununua chakula cha kukuzia kilicho kizuri kwa wote, na kuweka makombe au chokaa ya punje katika chombo cha peke yake, kwa urefu ambao vifaranga hawafiki. Si suluhisho kamili, kwa sababu protini yake ni ndogo kidogo kwa mtetea anayetaga kila siku, lakini madhara yake ni mayai machache kupungua, na si figo kuoza.

Kuku wa kienyeji ni mjadala mwingine. Kuku wa kisasa anaweza kutaga karibu mayai 300 kwa mwaka, ilhali wa kienyeji hutaga mkupuo wa mayai 10 hadi 15, akaatamia, akalea, akapumzika, na kwa mwaka mzima hafikishi sana zaidi ya 50. Kumlisha gunia la kutagia miezi 12 ni kumlipa mshahara mfanyakazi aliye likizo. Yeye anatosheka na anachokipata uani, mchwa, majani, mahindi kidogo jioni, na makombe anapokuwa katika kutaga. Anayefuga chotara, kama wale wa Sasso na Kuroiler ambao wameenea sana nchini, yuko katikati: kuku hao ni wazito, hula zaidi, na wakishibishwa mahindi hunenepa na kupunguza kutaga.

Nije sasa kwenye protini, ambayo wauzaji hupenda kuitaja kwa sauti kubwa. Namba iliyochapishwa kwenye gunia haipimwi kwa kuhesabu protini yenyewe. Maabara hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25. Kwa hiyo chakula chenye damu iliyokaushwa kinaweza kuonyesha namba ya kupendeza, na bado kuku akakosa asidi amino fulani, yaani vijenzi vya protini, ambazo hawezi kujitengenezea. Katika vyakula vyetu vya nafaka, zinazokosekana kwanza ni methionini na laisini. Mashudu ya alizeti kutoka Singida na Dodoma, ambayo ndiyo protini ya bei nafuu kuliko zote hapa katikati ya nchi, yana methionini ya kutosha lakini ni maskini wa laisini, na yana nyuzinyuzi nyingi. Soya ina laisini lakini upungufu wake ni methionini, na ndiyo maana viwili hivyo vikikutana hukamilishana vizuri. Dagaa wana zote mbili, ila dagaa wa kulishia mifugo wana mchanga. Kabla ya kununua, tumbukiza konzi moja katika glasi ya maji, ukoroge, usubiri kinachozama chini. Mara moja nilipata mchanga wa unene wa kidole. Ukizidisha dagaa, mayai hunuka samaki. Mashudu ya pamba yana bei nzuri Kanda ya Ziwa, lakini sumu yake iitwayo gosipoli hubadilisha kiini kikawa na rangi ya kijani-kahawia yai likihifadhiwa siku kadhaa, na hakuna mteja atakayekuelewa. Soya mbichi nayo huzuia kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, hivyo lazima ikaangwe hadi maganda yapasuke na harufu iwe ya karanga.

Je, ni bora kuchanganya mwenyewe? Niliwahi kufanya hivyo kwa miezi mitano, na mchanganyiko wangu wa kilo 100 ulikuwa hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 45, pumba za mahindi 15, mashudu ya alizeti 16, soya iliyokaangwa 8, dagaa 6, chokaa ya mifugo kilo 8.5, mifupa iliyosagwa kilo 1, premiksi gramu 250 na chumvi gramu 250. Anayependa kuhakiki anaweza kuzidisha: mahindi yenye asilimia 8.5 yanaleta kilo 3.8 za protini, pumba kilo 1.5, mashudu yenye asilimia 28 kilo 4.5, soya yenye asilimia 36 kilo 2.9, na dagaa wenye asilimia 55 kilo 3.3, jumla kilo 16 katika 100. Kalsiamu inafika karibu asilimia 3.8. Pumba zimo, kama unavyoona, lakini zimehesabiwa na kufidiwa, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mchanganyiko na kulichakachua gunia la mtu mwingine. Mayai yalirudi kuwa 17 na 18.

Niliacha kwa sababu nyingine. Kutawanya gramu 250 za premiksi ndani ya kilo 100 kwa koleo si jambo dogo. Hata ukianza kwa kuichanganya na kilo mbili za unga, kisha kumi, kisha zote, huna uhakika kwamba kuku wa Jumatatu na wa Alhamisi wamepata sawa. Kila kiambato kinanunuliwa sehemu yake, na kila kimoja kina namna yake ya kukudanganya. Kwa anayefuga kuku 200 na kuendelea, kazi hiyo inalipa. Kwa kuku 22, nilikuwa nikipoteza Jumamosi mbili kwa mwezi ili kuokoa fedha ya soda chache. Anayetaka kujua ukweli wa alichochanganya au alichouziwa anaweza kupeleka sampuli kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, Temeke, ambako vyakula vya mifugo hupimwa. Tunayo pia sheria ya mwaka 2010 inayosimamia nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo, ingawa mfugaji wa gunia moja kwa wiki tatu huwa anajilinda kwa pua yake kwanza.

Pua, kweli, ndiyo chombo changu cha pili baada ya kiganja. Chakula kizuri kinanuka nafaka na dagaa kwa mbali. Kikiwa na harufu ya ukungu au ya mafuta yaliyochacha, au kikiwa na mabonge, kiache dukani hata kama kimepunguzwa bei, na hasa kama kimepunguzwa bei. Hofu hapa ni sumukuvu. Sumu hii iligunduliwa baada ya zaidi ya bata mzinga 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwani mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula chao cha mahindi. Mahindi yasiyofaa kwa binadamu, yale yaliyopukutwa na kutengwa kwa sababu ya rangi, mara nyingi utasikia yakiitwa "ya kuku". Kuku hana ini la chuma. Sumukuvu humpunguzia mayai, humdhoofisha asihimili magonjwa, na kiasi fulani huingia kwenye yai unalompa mtoto. Joto la kupika haliimalizi.

Nyumbani, gunia nalikalisha juu ya chaga, mbali na ukuta, na nikilifungua naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Sinunui zaidi ya ninachoweza kumaliza ndani ya mwezi mmoja, kwa maana vitamini hupungua nguvu kadiri chakula kinavyokaa, na joto la Morogoro miezi ya Desemba na Januari huharakisha jambo hilo.

Joto hilohilo linagusa namna ya kulisha. Kuku mwenye joto hula kidogo, hunywa sana, na huhema kwa mdomo wazi, na kuhema huko kunamfanya apoteze hewa ya kaboni ambayo mwili wake ungeitumia kutengeneza ganda. Kwa hiyo nawapa chakula kingi alfajiri na kingine kuanzia saa kumi jioni, na mchana nashughulika na maji. Kuku hunywa maji yenye uzito mara mbili ya chakula alichokula, na siku za joto kali huweza kufikia nusu lita. Nimewahi kumsaidia jirani aliyekuwa amebadilisha aina tatu za chakula akitafuta mayai yaliyopotea, kumbe chombo chake cha maji kilikuwa kikikauka kila siku saa sita. Chakula cha unga nacho kina hila yake: kuku huchagua vipande vya mahindi na kuacha vumbi lenye madini chini ya chombo, na mfugaji akaja kumwaga kingine juu yake. Mimi huwaacha wamalize hadi chini mara moja kwa siku, kabla ya saa za jioni. Chakula cha punje kingeondoa tatizo hilo, lakini ni ghali zaidi na hakipatikani kila wakati.

Kuhusu rangi ya kiini, nimebishana na watu mpaka nimechoka. Mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo kuku anayekula nafaka hiyo akiwa bandani atatoa kiini cha rangi hafifu, na hilo halimaanishi kwamba yai halina kitu. Rangi hutokana na majani na mahindi ya njano. Nawatundikia fungu la mchicha au majani ya mlonge kwa kamba ili wadonoe, na mama wa chipsi ameridhika. Majani ya lusina, ule mti wa malisho, nayo hutoa rangi nzuri, ila yana sumu yake, yawe machache sana. Majani ya muhogo yakaushwe kwanza.

Na makombo? Sijayapiga marufuku, kwa sababu watoto wangenishinda. Ugali uliobaki, wali, maganda ya tikiti, vyote huenda bandani, lakini jioni tu, baada ya chakula chenyewe, na kwa kiasi kisichozidi sehemu moja kati ya kumi ya wanachokula kwa siku, ambayo kwa kuku 22 ni robo kilo. Ni bakuli moja. Ukiwapa sufuria nzima asubuhi watashiba wanga, na gunia lako lenye hesabu zote hizo litabaki bila mlaji. Chumvi ya mchuzi nayo ni nyingi mno kwao, na utaiona kwenye kinyesi cha majimaji.

Upande wa pili wa banda nina matembe sita walioingia wiki ya 17. Bado wanakula chakula cha kukuzia, na panga zao zina rangi ya waridi tu, isipokuwa mmoja ambaye jana alichuchumaa nilipompitisha mkono mgongoni. Gunia la kukuzia lililobaki ni kilo kama saba, na kwa ulaji wao litakwisha baada ya siku kumi na tano hivi, kwa hiyo Jumamosi ya wiki ijayo nitaanza kuwatilia robo ya kwanza ya chakula cha kutagia, na kopo la makombe nimeshalifunga ukutani.